Umekuta jambo baya mtandaoni kuhusu mnasihi wako: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Umemwambia mnasihi wako mambo ambayo hata mama yako mzazi hayajui. Kisha usiku mmoja unaandika jina lake Google, kwa udadisi tu, na kinatokea kitu: hukumu ya mahakama, habari ya gazeti la zamani, au maneno aliyoyaandika mwenyewe Facebook miaka iliyopita. Usingizi unakatika hapohapo.

Wasomaji wanaoniandikia kutoka Moshi, Arusha, Usa River na Himo wakiwa katika hali hii huanguka mahali palepale. Wengine hurusha picha kwenye grupu la familia usiku uleule. Wengine hupotea kimya na dawa wanaziacha. Na wapo ambao nawahurumia zaidi: wanaendelea kwenda kila wiki, wanalipa, wanakaa kwenye kiti, lakini hawasemi tena neno la kweli. Wote wamepoteza kitu kimoja, yaani tiba yao.

Tiba ni yako, si ya mnasihi. Yeye anaweza kubadilishwa. Kazi uliyokwisha kuifanya juu ya nafsi yako haipaswi kupotea pamoja naye, na hatua zote hapa chini zimepangwa kuilinda hiyo kwanza. Ninaposema mnasihi namaanisha yeyote anayekusikiliza kwa taaluma: daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia, muuguzi wa afya ya akili, mshauri nasaha wa kituo au wa kanisa.

## Soma hapa kwanza kama kuna hatari

Kama mnasihi amekugusa kwa namna isiyofaa, amekutongoza, amekukopa fedha au amekutishia, usipoteze muda kuchunguza maisha yake ya zamani. Ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 6 na ya 7. Usirudi chumbani kwake kuuliza maswali.

Kama habari uliyoikuta imekufanya ufikirie kujidhuru, nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, saa yoyote, na umwambie mtu mmoja aende nawe. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu. Mambo haya yasikae kichwani, wala yasikae kwenye simu ambayo watoto au mwenzako wanaifungua.
- Jina kamili la mnasihi kama lilivyo kwenye risiti, cheti kilichotundikwa ukutani au barua ya hospitali. Jina la kuitwa halitoshi.
- Simu au kompyuta yako mwenyewe. Usitumie ya ofisini wala ya stationery ya mtaani. Historia ya ulichotafuta inabaki pale.
- Orodha ya dawa unazotumia, kipimo chake, na siku zitakapoisha.
- Mtu mmoja wa kuaminika ambaye hasali usharika mmoja na mnasihi, hayuko naye kwenye vikoba, wala hafanyi kazi hospitali moja naye. Kwa miji yetu hili ni gumu kuliko linavyosikika. Mtu anayeishi Tanga au Dodoma anaweza kukufaa zaidi kuliko jirani.

## Hatua ya 1: Hifadhi, kisha weka simu pembeni

Piga picha ya skrini inayoonyesha maneno yenyewe, anwani ya tovuti na tarehe. Nakili linki kwenye daftari au mahali pa siri. Kurasa hufutwa, na baada ya wiki mbili hutakumbuka sawasawa kilichoandikwa. Utakumbuka hofu yako tu.

Chini ya linki andika sentensi moja: kinadaiwa nini, kwa maneno ya chanzo. "Gazeti limeandika kwamba alishtakiwa kwa wizi mwaka 2012" si sawa na "ni mwizi". Andika ile ya kwanza.

Usimtumie mtu yeyote usiku huo. Kwanza, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa kuchapisha mtandaoni taarifa ambayo unajua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia kama ya kukashifu au kudanganya umma, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Pili, jambo ambalo wengi hawalifikirii: ukituma, unatangaza pia kwamba wewe unaonana na mnasihi. Siri unayoitoa kwanza ni ya kwako.

Usibonyeze kupenda, usiache maoni, usiombe urafiki. LinkedIn humwonyesha mtu nani ametazama ukurasa wake, kwa hiyo toka kwenye akaunti yako kabla ya kuangalia huko.

Umefanikiwa kama: asubuhi una picha, una linki, una sentensi moja, na hakuna mtu mwingine anayejua.

## Hatua ya 2: Hakikisha ni yeye

Hapa ndipo watu wasio na kosa huharibiwa. Kilimanjaro, ukoo wa Mushi, Massawe, Kimaro au Lyimo una watu wengi mno, na kina Emmanuel na kina Neema wamejaa katika kila ukoo. Jina la kwanza na la ukoo vikifanana, bado hujathibitisha lolote.

Tafuta angalau alama mbili zaidi ya jina: jina la kati, ambalo kwa kawaida ni la baba, umri unaolingana, mahali alipofanya kazi mwaka ule, chuo alichosoma, picha. Kumbuka kwamba mwanamke anaweza kuwa alibadili jina alipoolewa, kwa hiyo jina kutokulingana nalo si ushahidi kamili.

Usimpigie mwajiri wake wa zamani ukijifanya mtu mwingine. Usiulize mtaani. Swali lako, hata liwe la upole namna gani, litafika kwake kabla yako, tena likiwa limeongezwa chumvi.

Ukishindwa kuthibitisha, andika "haijathibitishwa" na uende Hatua ya 5 ukamuulize mwenyewe. Huko si kushindwa.

## Hatua ya 3: Pima chanzo

Vyanzo havina uzito sawa. Ninavipanga hivi, kuanzia kizito.

Hukumu ya mahakama. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani huwekwa bure kwenye tovuti ya TanzLII. Kwenye namba ya hukumu, herufi TZHC zinaonyesha Mahakama Kuu na TZCA Mahakama ya Rufani. Soma kurasa za mwanzo, ambako historia ya kesi huelezwa, kisha ruka hadi aya za mwisho, ambako uamuzi upo. Makosa makubwa hutokea kwa kusoma mwanzo tu: mtu anaona "alihukumiwa miaka 30" anafunga ukurasa, kumbe aya ya mwisho inasema rufaa imekubaliwa, hukumu imefutwa, aachiwe huru. Angalia pia kama yeye ndiye mshtakiwa au ni shahidi tu. Na angalia aina ya kesi: mgogoro wa shamba au mirathi hukutanisha ndugu mahakamani bila yeyote kuwa mhalifu.

Kesi nyingi za mahakama za mwanzo na za wilaya hazimo humo mpaka zikatiwe rufaa. Kwa hiyo kukosa jina lake hakumsafishi, kama ambavyo kulikuta hakumtii hatiani. Hukumu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Kama kinakutatiza, mpelekee msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa, bila kumwambia mtu huyo ni nani kwako.

Uamuzi wa baraza la taaluma. Daktari wa magonjwa ya akili husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Muuguzi husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Waulize mambo mawili: amesajiliwa? Leseni yake iko hai sasa? Anayejiita mshauri au kocha wa maisha anaweza kuwa hayumo kwenye daftari lolote, na hilo peke yake ni taarifa unayostahili kuijua.

Wakazi wengi wa Arusha sasa wanaonana kwa video na wanasihi walioko Nairobi au Ulaya. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliyounda bodi ya kuwasimamia. Uingereza, jina la mwanasaikolojia tiba linalindwa kisheria, na daftari la HCPC, chombo kinachowasajili huko, liko wazi mtandaoni kwa yeyote, pamoja na maamuzi ya kinidhamu. Marekani kila jimbo lina bodi yake. Kama mnasihi wako alifanya kazi huko, angalia huko.

Gazeti. Habari ya mtu kufikishwa mahakamani hupata nafasi kubwa. Habari ya kuachiwa kwake mara nyingi haiandikwi kabisa. Tafuta habari ya mwisho, usiridhike na ya kwanza. Na uwe mwangalifu: mashtaka kuondolewa si lazima iwe sawa na mahakama kumwona hana hatia, kwa sababu wakati mwingine anaweza kushtakiwa upya.

Maneno yake mwenyewe. Alichokiandika kwenye ukurasa wake ni ushahidi mzito wa alichofikiri siku ile. Tazama tarehe.

Maneno ya watu juu yake. Mtu asiyejulikana anamtuhumu bila tarehe wala mahali. Usiyatupe maneno hayo, lakini usiyajengee uamuzi. Yakitoka kwa watu tofauti wasiojuana na yanafanana kwa undani, uzito unaongezeka.

## Hatua ya 4: Jua jambo hili linagusa nini

Kaa na hatua hii siku mbili au tatu. Ninawasihi wasomaji wasiiharakishe, kwa sababu swali si tena "je, ni mtu mbaya?" Swali ni: je, jambo hili linagusa kazi anayoifanya kwangu?

Linagusa usalama wa mteja. Uhusiano wa kimapenzi na mtu aliyekuwa akimtibu, kutoa siri za wagonjwa, vyeti vya kughushi, ukatili, kuwanyonya fedha wateja. Kama limethibitishwa, ondoka. Huna deni la kumsikiliza akijieleza. Uhusiano wa kimapenzi kati ya mnasihi na mteja umekatazwa na maadili ya taaluma hii dunia nzima, na aliyetumia udhaifu wa mgonjwa mmoja ana funguo zilezile kwako.

Ni maisha yake. Talaka, deni, mtoto wa nje ya ndoa, ulevi aliouacha, ugonjwa wa akili aliowahi kuugua mwenyewe, kufilisika. Hapa nitasema wazi ninavyoona: haya si kasoro ya kitaaluma, na baadhi ya wanasihi bora wamepitia shimo wanalokusaidia kutoka. Lakini unaruhusiwa kuumia. Ulimwona kama mtu asiyeyumba, na sasa unajua aliyumba. Maumivu hayo ni mada nzuri ya kikao.

Lipo katikati. Hapa ndipo wengi mlipo. Mama anayetibiwa majeraha ya kipigo cha mume anakuta mnasihi wake aliwahi kuandika kwamba wanawake wa siku hizi wanajitakia. Kijana anayeishi na virusi vya UKIMWI anakuta utani wa zamani wa mnasihi kuhusu watu kama yeye. Hakuna sheria iliyovunjwa, hakuna baraza litakalomwita, na bado jambo limegusa kidonda chenyewe. Mfano mwingine wa katikati, wa aina tofauti, ni hukumu ya miaka 20 iliyopita ambayo mtu aliitumikia, akasoma, akasajiliwa kihalali.

Kwa mambo ya katikati, jibu haya kwenye daftari, kwa maandishi:

1. Jambo hili linafanana na lile lililonipeleka kwa mnasihi?
2. Limetokea lini, na tangu hapo kuna dalili gani, nzuri au mbaya?
3. Ndani ya vikao vyetu, kabla sijajua, amewahi kunifanyia kitu kinacholingana nalo?
4. Nikikaa mbele yake kesho, kuna jambo gani sitaweza tena kumwambia?

Swali la nne lina uzito kuliko yote. Kama jibu lako ndilo jambo lile lile lililokupeleka kwake, basi hata awe mtu mwema kiasi gani, tiba imesimama, na itabaki imesimama mpaka mzungumze au ubadilishe.

Swali la tatu lijibu kwa haki. Hofu hupaka rangi mambo ya nyuma, na ghafla kila alipotazama saa inaonekana alikuwa anakudharau.

## Hatua ya 5: Mwambie, kama ni salama

Hatua hii ni ya mambo ya maisha yake na yale ya katikati, na ya yale ambayo hayajathibitishwa. Sababu ya kuifanya ni kwamba wengi wetu tumelelewa kutomuuliza mkubwa maswali ya maisha yake, hasa daktari, na ukimya huo ndio unaoua tiba. Kuuliza kwa heshima si utovu wa adabu.

Chagua kikao cha kawaida, si simu ya usiku wala ujumbe wa WhatsApp. Sema mwanzoni, si dakika za mwisho. Unaweza kusema hivi:

"Shikamoo daktari. Leo naomba tuanze na jambo moja kabla ya mengine. Nimesoma kitu mtandaoni kinachohusu jina lako, na tangu siku hiyo nashindwa kuongea kwa uhuru. Sikuja kukuhukumu. Naomba nikwambie nilichokiona, halafu nikusikie."

Kisha taja jambo lenyewe kwa sentensi uliyoiandika Hatua ya 1, na unyamaze. Usieleze, usiombe radhi kwa kutafuta. Jina la mtaalamu ni jambo la hadharani, na mteja ana haki ya kujua anatibiwa na nani.

Kuna mambo anayolazimika kujibu: usajili wake, leseni yake, na lolote linalohusu usalama wako. Kuna asiyolazimika: kwa nini ndoa yake ilivunjika, au alilala wapi mwaka ule. Akisema "hilo ni la kwangu, lakini tuzungumze limekufanyaje wewe", hajakukwepa.

Dalili nzuri: anatulia, anakubali au anakanusha kwa maneno mafupi, anakuuliza umeumiaje, na yuko tayari kukutafutia mtu mwingine ukitaka.

Dalili za kuondoka: anakasirika, anataka kujua nani amekutumia, anageuza swali lako kuwa ugonjwa wako ("hiyo ni hofu yako tu"), anakuomba ufiche, au anaanza kulia na wewe ndiye unayembembeleza. Hili la mwisho huwanasa watu wenye huruma. Ukijikuta unamtibu mnasihi wako, kikao kimegeuka.

Huhitaji kuamua papo hapo. "Asante kwa kunijibu, naomba nikafikirie" inatosha.

## Hatua ya 6: Kuondoka bila kuacha tiba

Dawa haziachwi. Hili nalisema kwa nguvu zangu zote. Dawa za sonona zikikatwa ghafla zinaweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira na hisia kama za shoti kichwani. Diazepam na fenobabitali ukiziacha ghafla baada ya kuzitumia muda mrefu zinaweza kuleta degedege. Usimchanganye mtu na kidonge: unayemkimbia ni mtu. Chukua orodha yako ya dawa, nenda kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa kabla hazijaisha. Moshi kuna Mawenzi na KCMC. Arusha kuna Mount Meru. Sema tu, "Nimebadilisha mtoa huduma, naomba kuendelea na dawa hizi." Hulazimiki kueleza sababu mapokezini.

Omba muhtasari. Ujumbe mfupi unatosha: "Nimeamua kuendelea na mtaalamu mwingine. Naomba muhtasari wa matibabu yangu na barua ya rufaa." Kama humwamini kabisa, muombe msimamizi wa kituo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inakupa haki ya kuomba kuona zinazokuhusu.

Fikiria mji wa pili. Moshi na Arusha ziko kilomita kama 80 kutoka mji hadi mji. Kwa mtu anayeogopa kukutana na mnasihi wa zamani sokoni au kanisani, safari ya Coaster mara mbili kwa mwezi na vikao vya simu katikati inaweza kuwa nafuu kubwa.

Kwa mnasihi mpya, uliza usajili wake kabla ya kikao cha kwanza. Kisha mwambie kilichotokea, bila kutaja jina kama hutaki. Asipojua kwamba uliumizwa na uaminifu uliovunjika, atashangaa kwa nini unampima kila neno.

Umefanikiwa kama: dawa hazijakatika hata siku moja, na una tarehe ya kikao kinachofuata, hata kama kiko mbele wiki kadhaa.

## Hatua ya 7: Kulalamika, kama kuna kosa

Si kila jambo ni la kulalamikia. Maisha yake ya zamani si kosa. Lakini anayetibu bila usajili, aliyemdhuru mteja, au aliyetoa siri zako anapaswa kufikishwa panapohusika, na kuna watu watakaokaa kwenye kiti kile baada yako.

Andika barua ya ukurasa mmoja: nani, lini, wapi, nini kilitokea, una ushahidi gani, unaomba nini. Tenganisha uliyoyaona mwenyewe na uliyoyasoma. Acha matusi na dhana.

Kwa aliyeajiriwa hospitalini, anza na mganga mfawidhi au dawati la malalamiko. Kwa mwenendo wa kitaaluma, peleka kwenye baraza lililomsajili. Kwa siri zako kutolewa, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa unyanyasaji wa kingono, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na uende na mtu wako.

Peleka barua nakala mbili. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, mwezi ujao utaambiwa barua haijafika. Andika kwenye daftari jina la aliyeipokea na siku aliyokuambia urudi, kisha urudi siku hiyo.